Gari la Ragab

Kwenye uwanja wa stesheni kuu ya Iskandaria, saa ambayo wanafunzi, wauza mikate na askari wa trafiki hugombea kipande kimoja cha lami, winchi ililinyanyua gari la Nashwa kwa magurudumu ya mbele. Lilikuwa Fiati jeupe lililozeeka, na likiwa juu hivyo lilitiririsha maji kwa nyuma kama mnyama aliyetolewa kisimani. Walimu watatu wa kike aliokuwa akiwapeleka kazini walishateremka na kwenda zao chini ya miavuli. Mmoja alisema pole. Wawili hawakugeuka nyuma, na Nashwa alijua kwamba kesho watatafuta mtu mwingine wa kuwapeleka.

"Leseni ya gari imekwisha zamani, dada," afande alisema, akiwa amekinga daftari lake chini ya koti. "Hata ningetaka kujifanya sijaona, nishaona."

"Niachie nilirudishe nyumbani tu, afande. Hili ndilo linalonilisha."

"Hayo kawaambie wa yadi."

Alibaki ukingoni mwa barabara amevaa koti la kijivu la mumewe, mikono mirefu hadi imemfunika vidole, hijabu ya kahawia imemganda kichwani kwa mvua. Hapo ndipo mwanamume mmoja alipotokea katikati ya msongamano, kiti kizima cha gari kichwani kwake, kimefungwa nailoni. Alimtazama Nashwa, akaitazama winchi, kisha akakishusha kiti na kukiweka kwenye njia ya waendao kwa miguu.

"Kaa," alisema.

"Wapi?"

"Kwenye kiti. Kiti kazi yake nini?"

Nashwa alitaka kumwambia ashike njia yake, lakini mvua ilikuwa ikizidi na hakuwa na pa kwenda. Akakaa. Watu wakawa wanawapita kushoto na kulia, wengine wakicheka.

"Unabeba kiti kichwani mvua yote hii?" aliuliza, ili tu asilie.

"Gari lake liko gereji mtaa wa nyuma. Mimi na kiti tunatembea. Naitwa Wagdi, nashona viti vya magari pale Muharram Bey, mkabala na duka la matanuri. Na wewe unaitwa nani, usiye na gari?"

"Nashwa."

"Bi Nashwa, yadi ya magari ya kukamatwa iko mbali, na leo hutapata kitu. Nenda kesho asubuhi. Ukikosa wa kukupeleka, mimi nina pikapu, na leseni yake haijaisha. Nimeangalia sasa hivi kwa woga."

Nashwa alitabasamu kidogo. Wagdi aliliona tabasamu lile na siku nzima hakuweza kushona mshono ulionyooka.

Kesho yake walikwenda. Yadi ilikuwa uwanja wa matope nje ya mji, magari yamepangwa hadi ukutani, mengine yameota majani kwenye vioo. Ndani ya kibanda alikaa karani mwenye skafu shingoni, anakunywa chai.

"Mwenye gari, Ragab, ni nani wako?"

"Mume wangu."

"Aje mwenyewe na kitambulisho."

"Hayupo. Alikwenda Libya kufanya kazi ya kupiga vigae. Alikuwa Derna."

Karani aliweka gilasi chini. Misri nzima ilijua habari za Derna, jinsi mabwawa yalivyopasuka usiku wa Septemba ya mwaka uliopita na maji kuuzoa mji kuupeleka baharini. "Mungu amrehemu," alisema.

"Sijui kama ni wa kurehemiwa," Nashwa alisema. "Hakuna aliyemwona. Jina lake halimo kwa waliozikwa wala kwa waliorudi."

"Aliacha hati ya uwakala?"

"Aliahidi kuileta. Haikufika."

Karani alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. "Sikiliza, dada. Gari analitoa mwenyewe, au wakala wake, au warithi wake. Mwenyewe huna, wakala huna. Warithi ni mpaka mahakama iseme amekufa. Na kila siku likikaa hapa, ada inapanda."

Wakati wa kurudi Wagdi aliendesha hadi walipofika penye taa za barabarani. Kisha akasema, "Umekula?" Akamnunulia mkate wa maini yenye pilipili, akala wake akitazama nje, ili yeye ale bila kutazamwa. Nashwa alilikumbuka jambo hilo kwa muda mrefu.

Alikuwa akiishi na mama mkwe wake, Hajja Inshirah, orofa ya nne katika jengo lililokuwa likivuja. Watoto hawakujaliwa. Tangu mafuriko, mwanamke yule mzee alikuwa akipiga simu ya mwanawe kila alfajiri baada ya sala, anasikiliza sauti ya mashine ikisema namba haipatikani, kisha anaweka simu mezani na kuwasha jiko. Wakati wa kula alikuwa akimwekea Ragab sahani yake. Siku Nashwa aliporudi kutoka yadi na kueleza yale ya mahakama, Hajja aliendelea kuchambua mchele.

"Gari ni chuma," alisema. "Lioze. Sitamzika mwanangu kwa ajili ya chuma."

"Sawa, mama."

"Na huyo aliyekupeleka ni nani?"

"Fundi tu."

Hajja alimtazama kwa jicho moja. "Fundi tu," alirudia.

Majira ya baridi yakaenda hivyo. Nashwa alipata kazi ya kukunja nguo kwenye duka la kufulia, mshahara wa kushikia tu, vidole vimempasuka. Wagdi alianza kumpigia simu kuuliza habari za gari. Baadaye alimpigia kuuliza habari za vidole. Baadaye hakuwa na la kuuliza, akawa anapiga tu.

"Leo nimeshona viti vya teksi, mwenyewe anataka ngozi ya chui," alisema jioni moja. "Nimemwambia abiria watakataa kupanda."

"Ungemshonea tu, bwana. Chui gani ana shida na abiria?"

"Wewe ukipanda gari la chui utakaa mbele au nyuma?"

"Kwani dereva nani?"

"Dereva mimi."

"Basi nitapanda tramu."

Wagdi alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa amefiwa na mkewe miaka mingi nyuma, na kucheka kwenye simu kulimrudia kama lugha aliyoisahau. Siku iliyofuata alituma ujumbe: Roho yangu, tramu imegoma leo, nakuja na pikapu. Nashwa aliusoma ule mwanzo, roho yangu, akiwa amesimama kati ya mashuka ya watu wengine, akauficha mfukoni kama mtu aliyeokota kitu kisicho chake.

Maana hakikuwa chake. Yeye alikuwa mke wa mtu. Alimwambia hivyo siku waliyokutana ufukweni, bahari imechafuka, upepo unamvuta vazi lake jeusi huku na huku.

"Sijui mimi ni nani, Wagdi. Mjane ana jina lake, mke ana jina lake. Mimi ni kama lile gari. Nimeegeshwa."

"Ningekwambia nakusubiri, ungenionaje?"

"Ningekuona mjinga."

"Basi mimi mjinga."

Wagdi hakumgusa hata mkono. Lakini tangu siku ile alianza kutafuta. Kila fundi aliyerudi kutoka Libya na kupita mtaa wa gereji alimuuliza: ulikuwa Derna? Ulimjua Ragab, wa vigae, wa Iskandaria? Mwishoni mwa baridi mmoja akamwelekeza kwa Shaaban, kijana wa kijiji kimoja cha Buhaira aliyelala chumba kimoja na Ragab na sasa anauza machungwa.

Wagdi alimleta siku ya Ijumaa. Shaaban alikuwa mwembamba, amevaa kanzu iliyopigwa pasi kwa ajili ya ziara ile, na mguu mmoja anauvuta. Aliketi ukingoni mwa kochi. Hajja Inshirah aliketi mbele yake, mikono juu ya magoti.

"Sema, mwanangu," alisema. "Usinipakie sukari."

Shaaban akasema. Usiku ule walisikia mlio, wakadhani ni ndege za vita. Maji yalikuwa yashafika ngazi ya kwanza. Walitoka wote hadi nje na kupanda ukingo wa kilima. Kisha Ragab akarudi ndani. Ndipo yakaja maji ya pili, na jengo likaondoka. "Halikuanguka, Hajja. Liliondoka na taa zake. Nilimwona kwenye dirisha la ngazi. Sikumwona tena."

"Alirudia nini?" Nashwa aliuliza.

Shaaban alimtazama Wagdi. Ilikuwa kwa nukta moja tu, lakini Nashwa aliiona, na aliona pia Wagdi akiinamisha macho.

"Viatu," Shaaban alisema.

Hajja alisimama taratibu, akaenda jikoni, akatoa sahani ya Ragab kwenye rafu ya chini na kuipandisha ya juu kabisa, zinapokaa vyombo vya wageni. Kisha akashika ukingo wa sinki na kuanza kulia bila sauti. Aliyemngoja kuliko wote ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamini.

Nashwa hakuamini. Alimfuata Wagdi kwenye ngazi wakati Shaaban ameshatangulia chini.

"Umemfundisha maneno."

"Nashwa."

"Nimeona alivyokutazama. Ragab arudi kwenye maji kwa ajili ya viatu? Ragab alikuwa akitembea na ndara msimu mzima. Umemtoa wapi mtu huyu?"

"Alilala naye chumba kimoja. Wallahi ni kweli alikuwapo."

"Na viatu?"

Wagdi aligeuka kumtazama Shaaban chini ya ngazi. Mtazamo ule ndio uliommaliza Nashwa.

"Ulichoka kunisubiri," alisema, sauti imeshuka. "Ukaona njia fupi ni kumuua. Ukamletea mama mtu wa kumuulia mwanawe sebuleni, kwenye kochi lake. Kwa ajili gani? Gari? Au mimi?"

"Usiseme hivyo."

"Toka, Wagdi. Usinipigie."

Hakupiga siku ile. Alipiga baadaye mara nyingi, na Nashwa aliiacha simu itetemeke juu ya pasi iliyopoa. Alituma ujumbe: Nipe dakika moja. Nashwa akaufuta. Duka la kufulia likampunguza kazi. Barua ikaja kwamba gari likiendelea kukaa litauzwa mnadani, na Hajja, ambaye sasa hakupiga tena simu alfajiri na alikuwa amezeeka ghafla, alisema twende mahakamani, mwanangu, tumalize. Lakini Nashwa hakutaka kusimama mbele ya hakimu pamoja na shahidi wa kununuliwa. Akaamua kwenda kwa Shaaban mwenyewe, amwambie akae kwake na uongo wake.

Alipanda basi hadi Buhaira. Alimkuta kando ya barabara, nyuma ya mkokoteni wa machungwa, watu wakichagua na kurudisha. Shaaban alipomwona alimwachia mkewe mizani na kumvutia Nashwa kreti akalie.

"Sitaki kukaa," Nashwa alisema. "Nataka usije mahakamani. Sikulaumu, maisha magumu. Lakini jina la mume wangu usiapie."

"Nani kakwambia nimelipwa, dada?"

"Macho yako."

Shaaban alichukua chungwa, akaligeuzageuza. "Mzee Wagdi aliniomba kitu kimoja. Siyo kusema uongo kwamba amekufa. Amekufa, niliona kwa macho haya. Aliniomba nisiseme alirudia nini. Nami nikakubali, kwa sababu na mimi nina mke."

"Alirudia nini?"

"Niache, dada."

"Shaaban. Nimekuja kwa basi kutoka Iskandaria."

Kijana alitazama barabara. Lori lilipita, vumbi likatulia.

"Simu," alisema. "Ilikuwa kwenye chaji. Tulikuwa nje tayari, nimemshika mkono. Akasema, mke wangu kanikasirikia leo, tumegombana juu ya ile hati ya gari, kanikatia simu. Akipiga asiponipata atafikiri nimenuna. Akasema, dakika moja tu."

Nashwa alikaa juu ya kreti.

Hakuna mtu duniani aliyejua ugomvi ule. Hakumwambia Hajja, hakumwambia Wagdi. Jioni ile Ragab alisema hati ya uwakala ataituma na mtu wiki ijayo, na yeye akamjibu kwamba tangu Ramadhani ni wiki ijayo, kwamba amechoka kuwa na mume wa kwenye simu, na akakata. Alikuwa amekusudia kumpigia tena kabla ya kulala. Akapitiwa na usingizi.

Mke wa Shaaban alimletea maji. Akayanywa yote, akaomba mengine. Kisha akasimama, akasema ahsante, akaenda kusubiri basi la kurudi upande usio wake, mpaka Shaaban akamfuata na kumvusha barabara.

Jioni ilikuwa haijaingia alipofika Muharram Bey. Wagdi alikuwa amepiga magoti sakafuni kwa kazi, misumari midogo mdomoni, vipande vya sponji vimemganda kwenye nywele. Alipomwona mlangoni alitema misumari mkononi, mmoja mmoja.

"Umekwenda kwa Shaaban," alisema.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza nilipompata. Niliondoka kwake nikaegesha pikapu njiani, sikuweza kuendesha."

"Na ukaniacha nikuite muuaji."

"Nilidhani ni rahisi kwako kunichukia mimi." Alifuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na kitu. "Nilitaka umlilie yeye, Nashwa. Nilijua ukisikia hilo utajililia nafsi yako, na hayo machozi hayana mwisho."

"Hukuwa na haki ya kunichagulia."

"Sikuwa nayo. Nisamehe."

Nashwa aliketi kwenye moja ya vile viti visivyo na gari, akajifunika uso kwa mikono ya lile koti la kijivu. Alilia kwa namna ambayo hakuwahi kulia tangu Septemba ile, mwili mzima, na Wagdi akashusha mlango wa duka nusu ili wapita njia wasione, akasimama nje ya ule mlango kama mlinzi, amempa mgongo, mvua ya mwisho wa msimu ikimpiga begani.

Alipotoka, macho yamevimba, alisema, "Shaaban atasema yote mahakamani. Hata la simu."

"Mbele ya Hajja?"

"Mbele ya Hajja. Sitaishi naye nyumba moja nikiwa nimelificha."

Shaaban alisema yote. Hakimu aliandika kwa kichwa kilichoinama. Hajja Inshirah alikaa wima kwenye benchi hadi mwisho, na walipotoka kwenye ujia uliojaa watu alisimama, akamshika Nashwa kidevu kama anavyoshikwa mtoto. Nashwa alingoja neno ambalo lingemaliza kila kitu.

"Mimi ndiye niliyemfundisha," mzee alisema. "Tangu mdogo. Nilikuwa nikimwambia, usilale na mtu ana hasira nawe." Akaachia kidevu, akamshika mkono. "Twende nyumbani. Miguu inaniuma."

Hawakusema zaidi juu ya hilo, siku ile wala siku nyingine. Usiku Nashwa alimsikia akitembea chumbani kwake, naye mwenyewe hakulala.

Hukumu ilipotoka na warithi kuandikwa, yadi ikaliachia gari. Betri ilikuwa imekufa, kioo cha ubavuni kimeng'olewa, ndani kunanuka ukungu. Wagdi alilivuta kwa pikapu yake hadi chini ya jengo lao, na mnunuzi alikuwa aje kesho. Fedha zote atakazotoa zingekwenda kwa Hajja, Nashwa alishasema. Walisimama kando yake, hatua mbili kati yao, wanawake wa mtaa wakiwatazama kutoka roshani.

"Naanza eda leo," Nashwa alisema.

"Najua."

"Watu watacheka. Eda ya mtu aliyekufa mwaka juzi."

"Wacheke."

"Usinipigie. Usitume ujumbe. Wala usipite hapa na pikapu ukijifanya umepotea njia."

"Na nikipotea kweli?"

Alimtazama, na Wagdi akaacha utani.

"Sitapiga," alisema. "Eda ikiisha nitakuja na kaka yangu mkubwa, tupande ngazi, tubishe hodi kwa Hajja kama watu wenye adabu."

"Sijui nitakujibu nini. Sikudanganyi. Kila nikisikia simu inalia namwona yeye kwenye ile ngazi. Huenda nisiwe mtu wa kukaa na mtu tena."

"Basi nitakunywa chai ya Hajja, nirudi zangu."

Nashwa alicheka, na kicheko hakikufika mbali kabla hakijageuka kilio. Wagdi aliweka mikono mifukoni. Watu walikuwa wakitazama, na machozi yale hayakuwa yake kuyafuta.

"Chai yake ina sukari nyingi," Nashwa alisema alipoweza.

"Nitaizoea."

Wagdi akampa ufunguo wa Fiati, akiuweka juu ya boneti badala ya mkononi, akaingia kwenye pikapu na kuondoka bila kupiga honi. Nashwa alingoja hadi alipokata kona. Kisha akapanda zile orofa nne.

Hajja alikuwa ametandaza magauni mawili meusi kitandani, la kwake na la Nashwa, na alikuwa akishona kifungo kilichokatika kwenye lile la Nashwa, miwani imeshuka puani.

"Amekwenda?"

"Amekwenda, mama."

"Funga mlango basi. Baridi inaingia."